Ningoje, Nimebeba

Lawtell, Louisiana
Jumatatu ya Juma Kuu, 4 Aprili 1977

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Richmond, wewe na Mama na wadogo zangu, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha au angalau kimekuacha ulale. Sisi huku hatujambo. Bibi hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe anasema limezeeka naye, wala halitaki daktari. Baba mdogo Nolan amemaliza kuingiza maji kwenye majaruba ya mpunga. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, mweupe usoni. Mimi pia sijambo. Shuleni naendelea vizuri kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa Madamu Delvaux amenipa alama za juu kuliko wote, ingawa kwenye ripoti ameandika kwamba najua lakini siongei. Najua Mama atacheka akisoma hapo.

Barua yako ilifika Ijumaa. Umeuliza kwa nini karatasi ya Bwana Prentiss haijarudi. Umesema amekupigia simu mara mbili, kwamba kitabu chake cha nyimbo na santuri yake vinakwenda kupigwa chapa mara baada ya Pasaka, na kwamba bila karatasi yenye sahihi ya Bibi, kama mjane wa Babu, hawezi kuuweka wimbo wetu humo. Ukauliza kama Baba mdogo ameiacha garini mwake chini ya magunia. Hapana, Baba. Baba mdogo hana kosa safari hii. Karatasi ilikuwa hapa nyumbani mpaka asubuhi ya leo. Nitakueleza yote, ila naomba unisome mpaka mwisho kabla hujamwita Mama aje asikilize, maana barua hii naiandika mara ya tatu, na zile mbili za kwanza nimezitia motoni.

Bwana Prentiss alifika Jumatano, tarehe kumi na sita Machi, mchana, kama ulivyotuandikia. Ni kijana kuliko nilivyodhani, ana ndevu nyekundu, na alikuwa ameendesha gari siku mbili. Alishusha mashine yake ya kunasa sauti na nyaya nyingi mno, hata Baba mdogo akaniuliza kwa Kikrioli, "Mwalimu, huyu amekuja kunasa wimbo au kumzalisha ng'ombe?" Unajua siku hizi ananiita mwalimu, kwa sababu ya hizi lugha mbili za shule. Akiwa na wageni huongeza: mwalimu wa kunong'ona.

Kisha yule bwana akaomba kodiani ya Babu ipigwe. Hapo tukatazamana. Baba, nadhani ulisahau kumwambia kwamba ni Kwaresima, au huko California mambo yamelegea. Huku hayajalegea. Tangu Jumatano ya Majivu Bibi ameifunga kodiani kwa shuka, akaisukuma chini ya kitanda chake, na anailalia kama kuku. Baba mdogo akamjibu kwa Kiingereza, "Bwana, mimi ningekupigia hata sasa hivi. Tatizo naishi nyumba moja na yule mama." Bwana Prentiss akacheka. Alipoona sisi hatucheki, akaacha. Akaambiwa arudi baada ya Pasaka, akasema baada ya Pasaka atakuwa Virginia na kitabu kitakuwa kwa wachapaji. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akiwa ameshika waya mkononi, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Bibi naye alikuwa mlangoni na aproni yake. Akaniuliza mgeni ana nini, nikamwambia. Akafuta mikono polepole, akasema, "Mwambie wimbo ule haukuzaliwa na kodiani. Aje ndani, nitampa kama ulivyokuwa. Lakini kwanza ale, huyu mtoto ana njaa." Basi mgeni akala wali na kambale, sahani mbili, ndipo Bibi akasimama katikati ya jiko kuimba jure, ule uimbaji wa zamani wa makofi na miguu bila chombo.

Mimi jure nimeisikia kwa vipande tu, Baba. Bibi akifua hupiga kofi mbili tatu, anaacha. Siku ile alipiga yote: viganja, sauti, na ndara zake juu ya mbao mpaka vikombe vikagongana kabatini. Wewe huimba, "Ningoje, nachechemea, mlango wako u mbali." Bibi aliimba, "Ningoje, nimebeba, mlango wako u mbali." Nikadhani amekosea. Akarudia ubeti wa pili, tena vilevile. Na pale pagumu, pale ambapo mapigo yanaruka moja na wapigaji wote wageni hujikwaa, pale unaposema jukwaani kwamba ndipo lilipo guu bovu la Babu yetu, Bibi hakuchechemea hata kidogo. Alipandisha nyonga, kama mtu anayeweka sawa kitu kinachoteleza ubavuni. Kila alipofika pale, nyonga juu, kisha mguu chini.

Bwana Prentiss hakuona. Alikuwa anatazama sindano ya mashine yake. Alisema ni nzuri sana, ahsante sana. Akamwuliza Bibi, kupitia kwangu, nani aliutunga wimbo huu na ulitungwa vipi. Bibi akaketi, akamjibu, tena si kwa ufupi. Mimi nikatafsiri kwa Kiingereza, yule bwana akaandika. Kisha akaipiga picha ile picha ya Babu iliyo ukutani, akiwa amevaa tai, akaacha karatasi yake mezani, akasema kama Bibi hajui kuandika, alama ya msalaba inatosha. Kwenye karatasi palikuwa tayari pamepigwa taipu: Mtunzi, Octave Jolivette, yaani Babu. Baba mdogo akamsindikiza mpaka barabara kuu.

Bibi akaitia karatasi nyuma ya saa. Siku zikapita. Kila asubuhi nilipoitia saa ufunguo niliiona pembe yake nyeupe ikichungulia, na sikumkumbusha. Nilijiambia kwamba amesahau. Bibi, Baba, ambaye anakumbuka siku ya wiki aliyozaliwa kila ndama wa nyumba hii.

Ijumaa ndipo barua yako ikaja, na Jumamosi nikamsomea Bibi huku anapiga pasi vitambaa vya altare kwa ajili ya Pasaka. Nilikuwa nasoma na kugeuza papo hapo kwa Kikrioli, kama kawaida yangu. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale penye habari ya karatasi. Nikarudia. Akanyunyiza maji, akaweka pasi, mvuke ukapanda. Halafu bila kuninyanyulia macho akasema kwa Kiingereza, Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, kwa sauti ndogo iliyofanana na yangu kabisa:

"Bibi yangu anasema wimbo ni wa mumewe. Aliutunga baada ya kupigwa teke na nyumbu. Yeye bibi yangu alijifunza kwake."

Neno kwa neno, Baba. Ndivyo nilivyomwambia Bwana Prentiss.

Sikujua kama Bibi anajua Kiingereza. Wewe ulijua? Alipiga pasi kwa mke wa daktari kule Opelousas miaka ishirini na saba, akijibu ndiyo mama, hapana mama, na watu wa nyumba ile wakasema mambo yao yote mbele yake kama mbele ya kabati. Sisi nasi tukawa vilevile.

Sasa nikuambie alichosema Bibi hasa siku ile. Nilikisikia chote. Hakuna neno lililonipita.

Alisema wimbo ule uliimbwa kwanza Kwaresima ya kabla ya mafuriko makubwa, katika uwanja wa dada yake Azélie, wakati vyombo vyote vya muziki vimefungwa na wanaume wamekaa kama watu waliokatwa mikono. Wanawake wanne walikuwa wakikutana pale Jumapili baada ya misa: yeye Bibi, Azélie, Clotile Frilot wa kule kwenye daraja, na Philonise aliyekuwa mkunga. Bibi ndiye aliyekuwa akitoa ubeti, wale watatu wakipokea. Alikuwa na mtoto wa miezi kumi na moja anayeota meno, asiyekubali kushushwa chini wala kupokewa na mtu mwingine. Kwa hiyo aliimba naye kiunoni. Kila alipofika mwisho wa ubeti mtoto alikuwa ameteleza, basi husubiri pigo moja, humpandisha, ndipo aendelee. Wenzake nao wakamsubiri. Mwishoni mwa Kwaresima wote wanne walikuwa wakisubiri pale pale na kupandisha nyonga, hata Azélie ambaye hakupata mtoto maisha yake yote. Bibi alisema Azélie alipandisha kuliko wote.

Mtoto huyo ni wewe, Baba.

Habari ya nyumbu ungeweza kuipinga hata wewe mwenyewe. Umenisimulia mara nyingi jinsi ulivyokimbia na daftari lako la darasa la pili kwenda kumwita jirani, Babu akiwa amelala shambani kando ya plau. Kumbe wakati ule wimbo ulikuwa umeshachezwa kwenye kila nyumba ya dansi kutoka hapa mpaka Mallet. Babu alibadilisha neno moja tu baada ya kupona. Watu wakapenda, wakamwona anavyotembea, wakasahau kwamba lilikuwako neno jingine.

Utaniuliza kwa nini nilisema uongo. Nimejiuliza kuliko utakavyoniuliza. Sababu ya kwanza ni wewe. Ulikuwa umeshamwambia Bwana Prentiss kule kwamba wimbo ni wa baba yako, na mimi sikutaka kuwa binti anayemsahihisha baba yake mbele ya mgeni na mashine inazunguka. Hiyo ni sababu nzuri, na ingekuwa ndiyo pekee ningekuandikia zamani. Ya pili ni kwamba niliona haya. Bibi alikuwa na aproni yenye damu ya kambale, anazungumza Kikrioli kile ambacho Madamu Delvaux hukiita Kifaransa kilichovunjika, na kila neno lake mimi nilikuwa nalisikia kwa sikio la Madamu Delvaux. Ukutani alikuwapo Babu na tai yake. Nikaona yeye ndiye wa kuwekwa kitabuni. Nilimchagua kwa sababu ya tai, Baba. Sijamwambia mtu mwingine jambo hili, hata padri nilimwambia nusu.

Siku ile ya pasi nilitaka kukimbia. Bibi akaniambia nishike ncha ya kitambaa tukikunje. Tukakunja. Nikamwuliza kwa nini hakunikatiza pale pale, wakati anaelewa kila kitu. Akasema alikuwa anangoja nimalize, maana alidhani ninaanza na uongo ili nije kwenye ukweli, kama watu wenye adabu wanavyofanya. "Kumbe ulikuwa umefika," akasema.

Nikamwuliza kama Babu aliuiba wimbo. Akanikatalia kwa hasira, na ndiyo mara pekee aliyokasirika. Alisema Jumatatu ya Pasaka mwaka ule Babu alikaa kwenye ngazi na kodiani yake, akamwuliza, "Eulalie, ule wimbo wenu niutie humu?" Naye akasema utie. Walifurahi wote wawili. Watu walipoanza kuuita wimbo wa Octave, hakuna aliyewahi kumwuliza kama ndiye aliyeutunga, naye hakupita akitangaza wala kukanusha. Bibi alikuwa na watoto sita na pamba ya kuchuma, hakuwa na nafasi ya kugombea wimbo. Kisha akaniambia maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Octave hakuulizwa. Wewe uliulizwa, nami nikajibu. Jibu langu likapotelea hapo katikati, kati ya kiti changu na chako. Si mbali, eti."

Alirudi kwenye pasi.

Jana baada ya misa ya Matawi, Bibi akiwa kwa jirani, nilifanya jambo la kitoto. Nilichukua kiroba cha mchele, nikakibeba kiunoni, nikaanza kuimba peke yangu jikoni. Unajua siku zote huwa najikwaa pale kwenye pigo linaloruka. Umenifundisha kwa kuhesabu, Baba mdogo kwa kunigonga begani na kunicheka, sikuwahi kulipata. Jana kiroba kilianza kuteleza mwisho wa ubeti, nikakipandisha, na mguu ukashuka wenyewe mahali pake. Nikarudia mara tano sita. Sikuhesabu chochote. Nilipogeuka nilimkuta Baba mdogo mlangoni na kofia yake ya kanisani mkononi. Nikangoja anitanie. Hakunitania. Aliuliza, "Nani kakufundisha hivyo?" Nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Akakaa kwenye kiti cha Babu, akasema, "Miaka thelathini naupiga ule wimbo kama mlemavu." Ndipo akacheka, tena sana, mpaka akafuta macho. Alisema yeye hana neno, ila wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye unayeusimamisha jukwaani, kwa hiyo tukungoje uamue.

Hapo ndipo sikumtii, na hili ndilo gumu kuliandika kuliko lile la kwanza.

Usiku sikutaka kulala na jambo hili tena. Leo asubuhi, kabla ya shule, nilichukua karatasi nyuma ya saa na kumsomea Bibi kwa Kikrioli, kila mstari, bila kuacha kitu. Akaniambia nikate jina pale penye mtunzi. Nikapiga mstari kwa rula. Nikamwuliza niandike nini, nikitegemea jina lake. Akataja manne. Nikamwambia nafasi ni ya jina moja tu, akasema basi niandike kwa herufi ndogo. Imebidi nipande na pembeni ya karatasi: Eulalie Jolivette, Azélie Lemelle, Clotile Frilot, Philonise Chavis. Chini yake akataka niongeze kwamba kodiani ilitiwa na Octave Jolivette, mumewe, kwa ruhusa. Hakuweka msalaba. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja zilizoachana, kama mtu anayepanda maharage, na ilimchukua muda mpaka basi la shule likapita.

Nami nikaambatanisha barua kwa Bwana Prentiss. Nilimwambia kwamba nilitafsiri uongo, kwamba kosa ni langu na si la Bibi wala la kwako, na kwamba asiponiamini ampelekee mtu yeyote anayejua Kikrioli ule mkanda wake. Jibu la Bibi limo humo, kwa sauti yake mwenyewe, na sauti yangu inafuata nyuma yake. Mtu yeyote akizisikia pamoja atajua.

Nilitembea mpaka posta, nikaitumbukiza ile kwanza. Baada ya shule ndipo nimerudi kukaa kuandika hii yako. Nilifanya kwa mpangilio huo makusudi, Baba. Kama ningekuandikia wewe kwanza ukanikataza, ningekutii, maana sijawahi kutokutii na sijui jinsi ya kuanza. Kwa hiyo nimehakikisha kwamba katazo lako, likija, litakuta barua imeshaondoka. Utaamua adhabu yangu mwenyewe. Hata ukisema nisije California shule ikifungwa, nitaelewa.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumamosi baada ya Pasaka najua utaupiga ule wimbo kwenye ukumbi wa kanisa, na kabla ya kuanza watu watakungoja useme lile neno lako kuhusu guu la Babu. Sikupangii utakachosema. Ila kabla hujafungua kodiani, jaribu kwanza bila chombo, Mama akubebeshe kitu chochote kiunoni, hata mto.

Mwambie Mama nimelipata lile gauni na linanitosha mabegani. Wadogo zangu wabusu shavuni mmoja mmoja, wasigombane. Baba mdogo Nolan anakusalimu, anasema ndama ana uso kama wako. Madamu Delvaux sina haja ya kukuletea salamu zake, lakini leo nilipofika shuleni saa nne akaniuliza nilikuwa wapi, nikamjibu kwa Kikrioli, kwa sauti, darasa zima likageuka.

Bibi anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni yangu anamenya viazi na anajua ninachoandika, kwa kuwa safari hii nimemsomea yote. Nilimwuliza kama ana neno la kuongeza kwako. Amefikiri viazi viwili vizima, kisha amesema: "Mwambie alikuwa mzito."

Ni mimi binti yako akupendaye,
Marvella